Vishikio Viwili na Bunduki

Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia hakijui tena kukunja. Nimefulia watu nguo miaka mingi kuliko niliyokaa darasani, na maji baridi ya asubuhi hayamsahau mtu. Siku hizi nikitaka kufungua chupa namwita mjukuu. Sioni haya kusema hivyo. Mikono hii imelea watoto wanne na wajukuu saba, haikuharibika kwa kukaa bure.

Mjukuu ninayemwita ni Atieno. Mwaka huu amepita mtihani vizuri mpaka mwalimu mkuu akapiga simu, na hakumpigia mama yake, alinipigia mimi, maana anajua ni nani aliyekaa naye mezani kila jioni na mwiko mkononi, ingawa hesabu zenyewe nilikuwa nazitazama kama kuku anavyotazama gazeti. Mjomba wake alikuwa ameahidi kwamba akipita atamnunulia mashine ya gemu ya kuchomeka kwa TV. Basi Jumamosi moja akanipa pesa, tukaenda Kariobangi, mimi na Atieno, kwenye duka la kijana mmoja anayeuza simu na hivyo vitu.

Kijana akatoa mbili. Akatueleza kwa muda mrefu sana, mpaka miguu ikaanza kunidai kiti. Atieno akanigeukia.

"Dani," akasema, maana hivyo ndivyo watoto wetu Wajaluo wanavyomwita nyanya, "hii ndogo unaweza hata kubeba kwa bag. Lakini hii kubwa ndiyo class yote wako nayo. Mimi nimeshindwa. Chagua wewe."

"Mimi ninajua nini?"

"Shika tu. Uskie vile inakaa kwa mkono."

Nikashika. Ile ndogo ilikuwa na vishikio viwili vyembamba kama vipande vya sabuni iliyokwisha, na vitufe vidogo juu yake. Nikabonyeza. Maumivu yakaniingia kwenye kiungo cha gumba, yakapanda mpaka kwenye kifundo, nikatoa sauti ambayo sikuipangia. Kijana akasema pole, Mama. Nikachukua kishikio cha ile kubwa. Kilikuwa kinene, cha mviringo, kikajaa kiganjani, na gumba langu likalala juu yake kama mtu aliyepata mto.

Nilisimama pale na kile kitu mkononi, Atieno akiniuliza kama ninaumwa. Sikuwa ninaumwa. Nilikuwa nimeelewa, nikiwa nyanya wa watu, jambo lililonipita nikiwa na miaka kumi, na lilinipita hapohapo Kariobangi, mbele ya meza kama ile.

Wakati huo tulikaa Mbotela, nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja na jikoni. Baba alichomelea vyuma kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area, na Mama alikaanga samaki na kuwauza mlangoni. Watoto tulikuwa watatu. Kama wewe si Mjaluo, nikueleze. Pacha anayetangulia kutoka, akiwa mvulana, ni Opiyo. Anayemfuata ni Odongo. Na mtoto anayezaliwa nyuma yao ni Okelo, au Akelo akiwa msichana. Mimi ndiye Akelo. Yaani hata jina langu ni la kumwambia mgeni kwamba kuna watu walifika kabla yangu.

Nyumbani kwetu mapacha walikuwa mizani. Mama aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba ukimzidishia pacha mmoja, mwenzake ataugua, na ukizidi kumzidishia, mwenzake ataondoka. Kwa hiyo yai likigawanywa liligawanywa kwa uzi. Odongo akichapwa kwa kosa lake, Opiyo naye alipigwa kofi moja la kusindikiza. Suruali ya mmoja ikichanika gotini, zote mbili zilitiwa kiraka. Hata dawa. Opiyo akipewa dawa chungu ya hospitali, Odongo alisimamishwa kando yake na kunyweshwa kijiko cha maji ya rangi ya machungwa, na alitakiwa akunje uso. Na mimi? Mimi nilipata kilichobaki, au sikupata, na hakuna aliyeugua.

Shida ni kwamba Opiyo aliugua tu. Hata wangegawana punje za mchele, angeugua. Alikuwa na macho ya manjano na miguu kama ya korongo, na mara kwa mara mifupa ilimuuma mpaka akalala amejikunja kama kamba. Siku hizi ule ugonjwa una jina, selimundu, ni wa damu, mtoto huzaliwa nao, na pacha mmoja anaweza kuwa nao na mwenzake asiwe nao. Sisi hatukuwa na jina. Tulikuwa na Odongo.

"Odongo," Mama angesema, amesimama na kile kijiti chake cha kugeuzia samaki, "umekula nini ambacho mwenzako hakula?"

"Sijakula kitu, Mama."

"Fikiria vizuri."

Na Odongo, maskini, angefikiria mpaka akumbuke. Kipande cha muwa alichopewa na rafiki. Andazi nusu. Wakati mwingine nadhani alibuni, ili yaishe. Alichapwa, na Opiyo akipata nafuu baada ya siku mbili tatu, Mama alitutazama sote kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu kuna mwaka Opiyo aliacha kulalamika. Hakulia usiku, hakusema goti wala mgongo. Mama akasimama kanisani kushuhudia kwamba Mungu ameweka mizani sawa, na sisi tukapiga makofi. Nilipiga makofi na mimi. Opiyo alikuwa amekaa kando yangu, ameweka viganja chini ya mapaja, ameikalia mikono yake mwenyewe. Nilidhani anaona aibu.

Ni mwaka huohuo Baba alimtengenezea mlango wa chuma fundi mmoja wa TV na redio huko Kariobangi, Fundi Athumani, mtu wa Pwani, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama pamba. Fundi hakuwa na cha kumlipa isipokuwa vitu. Akamwambia Baba, nina mashine mbili za gemu hapa, zimeachwa na watu waliohama, lete watoto wachague moja.

Wewe wa rika langu utakumbuka gemu lilivyokuwa kitu cha ajabu wakati ule. Kulikuwa na nyumba mbili tu mtaani zilizokuwa nalo, na watoto tulisimama nje dirishani tukitazama visogo vya wenye bahati. Baba aliposema kwamba tutakuwa na letu, Odongo alikimbia akazunguka nyumba zote za kwenye mstari wetu na kurudi, akisema "tunapata gemu, tunapata gemu," bila hata kusimama kusubiri jibu la mtu.

Karakana ya Fundi Athumani ilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa na vumbi lililoungua. Nje watu waligonga mabati kutengeneza masanduku, kwa hiyo mle ndani ulilazimika kusema kwa sauti. Mashine zilikuwa mezani. Moja nyeusi, nzito, na vishikio viwili vya mviringo, vinene, vyeusi pia. Nyingine ya kijivu, nyepesi, na vishikio viwili vya mraba kama vibiriti vikubwa. Lakini ya kijivu ilikuwa na kitu kingine, bunduki ya plastiki yenye waya wake, ya kulengea ndege wanaoruka kwenye TV.

"Haya wanangu, shikeni, msiogope," akasema Fundi. "Haziumi."

Odongo alishika ya kijivu mara moja. "Hii iko na kaseti moja michezo kibao. Hiyo nyingine kila kaseti ni mchezo mmoja. Tunachukua hii."

Opiyo alikuwa ameshika kishikio cha ile nyeusi. Hakubonyeza kitu. Alikishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepewa andazi la moto asubuhi ya baridi, na akafumba macho kidogo.

"Mimi nataka hii," akasema.

"Kwa nini?"

"Nataka tu."

"Opiyo, wewe ni mjinga? Mchezo mmoja."

"Nataka hii."

Hapo ndipo nilipomwona Baba akiogopa, na Baba hakuwa mtu wa kuogopa, alikuwa na makovu ya moto mpaka shingoni. Mapacha hawakuwahi kutaka vitu tofauti mbele yake. Hawakuwa wamefunzwa. Akajikuna kichwa, akatazama huyu, akatazama yule.

"Fundi, nikimpa huyu, yule ataanguka. Nikimpa yule, huyu ataanguka."

Fundi Athumani hakucheka. Alikuwa amekaa na watu wa bara miaka mingi, alijua kila mtu ana mambo yake. Akanielekezea bisibisi.

"Basi muulize huyu binti. Yeye hayumo kwenye mizani yenu."

Baba akanitazama kama vile nimeingia sasa hivi. "Ni kweli. Akelo, wewe ndiye uliyewafuata. Wewe useme, na hakuna atakayesema nimependelea."

Mimi sikuwahi kuulizwa hata kama nataka chai au uji. Nikatazama meza. Nyeusi, vishikio viwili. Kijivu, vishikio viwili. Viwili ni vya mapacha, hilo halina mjadala, lilikuwa kama mbingu na ardhi. Lakini ile ya kijivu ilikuwa na kitu kilichobaki. Na mimi, mtu wa kilichobaki, nilikijua nilipokiona.

Nilimtazama Opiyo. Alikuwa ananitazama pia, akainua kile kishikio cheusi kidogo tu, kama mtu anayekuonyesha mtoto wake. Nikaona ni ubishi. Nikaona ni kiburi cha mtu aliyezoea kugawiwa yai kwa uzi.

"Ya kijivu," nikasema. "Iko na bunduki. Bunduki ni yangu."

"Sawa," Opiyo akasema. Akakipangusa kile kishikio kwa shati lake, akakirudisha mezani, akaunyoosha waya wake vizuri.

Wiki za kwanza nyumba yetu ilikuwa kama stendi. TV yetu ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kuzungushwa kitufe mpaka chenga ziishe. Ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi iliyochanganyika na ya samaki wa Mama, na mpaka leo nikisikia harufu hiyo masikio yangu yanasikia ule muziki wa gemu, ti-ti-ti. Odongo alikuwa mfalme. Watoto walijaa dirishani wakimwita jina. Opiyo alicheza kwa sababu alitakiwa kucheza, maana Mama alikaa mlangoni na kuhesabu zamu. Alibonyeza mara chache, akashindwa, akasema amechoka. Odongo akamcheka, nami nikamcheka.

Na kuna mambo mengine niliyaona nikayasoma vibaya. Opiyo alianza kujitolea kuosha vyombo. Kijana, kuosha vyombo, bila kuambiwa. Alichemsha maji, akaingiza mikono kwenye karai mpaka viwiko, na akakaa hapo hata baada ya sahani kwisha. Mama akasema, mtazameni mwenzenu. Mimi nikasema moyoni, huyu anajipendekeza. Nikamnyooshea kidole, "Wewe Opiyo utaolewa," na Odongo akacheka mpaka akashika ukuta.

Bunduki yangu sikuwahi kuiweka mbali. Nililala nayo chini ya kichwa, waya umefungwa vizuri. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, watoto wengine wakishaitwa makwao, na ndege wa kwenye TV walikuwa wangu wote. Ulibonyeza kitufe kimoja tu, kwa kidole kimoja, taratibu, tak, ndege anaanguka. Nilikuwa mzuri. Nasema hivyo bila haya, nilikuwa na macho ya mwewe.

Jioni moja Opiyo alikuja akachuchumaa kando yangu.

"Akelo, nipe bunduki kidogo."

"Hapana."

"Kidogo tu. Ndege wawili."

"Wewe una kishikio chako. Hii ni yangu."

"Najua ni yako. Ndege wawili, nakurudishia."

Wakati ule niliona hivi. Mapacha wana kila kitu. Wana majina yao, wana yai lao, wana zamu zao za kwanza na za pili, na sasa wanataka hata kilichobaki. Nikampa mgongo. "Enda uoshe vyombo," nikasema.

"Sawa, Akelo," akasema. Akaenda kuosha vyombo.

Baridi ilipoingia, ile baridi yetu ya katikati ya mwaka, mawingu yamekaa juu ya paa kama sufuria iliyofunikwa, Opiyo alishindwa kuficha. Ilikuwa asubuhi, tunavaa viatu vya shule. Alishika kamba ya kiatu kuifunga, akapiga ukelele mpaka majirani wa pande zote mbili wakatoka. Vidole vyake vilikuwa vimevimba vinang'aa. Baba alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka barabarani kutafuta gari.

Mama alibaki ametulia namna ya kutisha. Akamwita Odongo.

"Umekula nini?"

"Mama, haki ya Mungu, sijakula kitu."

"Kuna kitu."

"Hakuna, Mama."

"Kuna kitu kimezidi nyumba hii. Nitakijua."

Akafunga leso, akamfuata Baba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na TV, na nilikijua hicho kitu. Odongo alitaka ya kijivu, akapewa. Opiyo alitaka nyeusi, akanyimwa. Wala si Baba aliyeipindua mizani, ni mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu ya bunduki.

Odongo alipotoka kwenda shule nilimwambia atangulie. Nikachukua kisu cha samaki. Sikutaka kuharibu, naomba unielewe hapo. Nilitaka kusawazisha. Kama Odongo hana na Opiyo hana, basi wako sawa, na mtu hawezi kufa akiwa sawa na mwenzake. Niliweka waya mbili za vile vishikio pamoja juu ya kigoda, nikazipanga zilingane, nikakata. Halafu nikachukua bunduki. Nikaweka kisu juu ya waya wake. Mkono ukakataa. Nilijaribu mara mbili, mkono ukakataa. Nikaifunga ndani ya sweta langu la zamani na kuitia chini kabisa ya sanduku la nguo. Nilijiambia kwamba kuificha ni sawa na kuikata.

Mama alipoona waya akasema panya. Waya zilinuka samaki, panya wangefanya nini? Panya wa Mbotela walilaumiwa kwa mengi, moja zaidi halikuwaua. Nikasema bunduki nayo haionekani, na panya wakabeba hilo pia. Odongo alilia siku nzima, akavilaza vile vishikio kitandani kama wagonjwa. Fundi Athumani hakupata vingine vya namna ile. Mashine yenyewe ikawa kitu cha kuwekea thermosi ya chai.

Na baada ya wiki moja Opiyo alirudi nyumbani, amekonda, anatabasamu.

Unaona? Nimeenda kanisani maisha yangu yote, lakini muujiza wangu wa kwanza niliufanya mwenyewe kwa kisu cha samaki. Daktari alikuwa amewaeleza wazazi habari za damu, akasema mtoto anywe maji sana, ajikinge baridi. Mama alisikiliza kwa heshima, na Odongo aliendelea kunywa maji ya machungwa mpaka ndevu zikamtoka. Mimi sikuhitaji daktari. Nilijua nani alimponya. Nilibeba siri hiyo kama mtu anayebeba pesa kwenye soksi, na nilipoolewa niliondoka na lile sweta na kilichokuwa ndani yake.

Watu walisema Opiyo hatafika miaka ishirini. Amewazika waliosema. Odongo, aliyekuwa na nguvu za watu wawili, ndiye tuliyempeleka nyumbani kumzika, mwaka wa tatu huu. Kichwa kilimuuma Jumatatu, Alhamisi hayupo. Matangani shangazi yetu mmoja mzee alimwangalia Opiyo akila wali, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu amekula nini ambacho mwenzake hakula?" Nilikuwa nimechoka uchovu ambao hauishi kwa kulala. Na nilikumbuka kwamba Odongo ameondoka bila kujua ni nani aliyemkatia waya.

Basi siku ile dukani, na kile kishikio kinene mkononi, nilimwambia kijana atusubiri. Nikamwambia Atieno twende nyumbani kwanza nitoe kitu. Kisha tukaenda Mbotela.

Opiyo ana duka dogo nje ya nyumba yake, la sabuni, mkate na peremende. Alikuwa amekaa juani, amevaa glavu za sufu zilizokatwa vidole. Atieno akamsalimu, "Kwaro, habari yako," maana ndivyo wanavyomwita babu, akapewa peremende kana kwamba bado yuko chekechea.

"Akelo, leo umekuja kunifilisi mchana," akasema Opiyo. "Keti."

Nikaketi kwenye kreti. Sina shule ya kuzunguka maneno.

"Siku ile kwa Fundi Athumani. Kwa nini ulitaka nyeusi?"

Alinitazama, akatazama mikono yangu, viungo vilivyovimba, gumba lililokataa. Nadhani hapo alijua nimejuaje.

"Ilikuwa nono," akasema. "Ilijaa hapa. Ile nyingine ilikuwa na pembe. Pembe ziliingia kwa mifupa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Ningesema naumwa, Odongo angechapwa." Akakunja na kukunjua vidole. "Alikuwa amechapwa vya kutosha kwa ajili yangu. Nikaona nijaribu kunyamaza mwaka mmoja."

Atieno aliacha kutafuna peremende. Mimi nilitazama chini, kwenye mchanga, kulikuwa na vifuniko vya soda vimekanyagwa vikazama.

"Zile waya," nikaanza.

"Ulikata wewe."

"Nani alikwambia?"

"Panya hutafuna, Akelo, hakati. Na panya gani anakata waya mbili urefu sawasawa?" Alicheka kile kicheko chake kidogo, cha mtu anayeogopa kuamsha mbavu. "Niliporudi kutoka hospitali nikazishika, nikaona zimelingana. Nikasema, huyu ni mtu wa nyumba yetu."

"Odongo alijua?"

"Aliniuliza. Nikamwambia ni panya."

Mteja akaja akanunua mkate, akaenda. Atieno akamweleza babu yake habari za mashine mbili za dukani, ndogo na kubwa, na kwamba Dani alikuwa achague na akakataa.

"Rudi naye ashike tena," Opiyo akamwambia. "Ile ambayo haitamuuma, hiyo ndiyo. Asije akakaa kando akisema amechoka, na nyinyi mkamwamini."

Hapo nikafungua mkoba. Lile sweta limekuwa matambara, lakini bado linafunga. Nikalifungua magotini, nikatoa bunduki. Rangi imekwajuka, waya umekauka umekuwa mgumu kama mzizi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, nikayakosa. Nikaiweka tu mkononi mwake.

Opiyo alivua glavu. Akaigeuza, akaipima uzito. Akaingiza kidole kimoja kwenye kile kitufe, taratibu, na kidole kikatosha.

"Haifanyi kazi kwa TV za siku hizi," nikasema. "Nimeuliza."

Juu yetu kunguru alikuwa ametua kwenye waya wa stima. Opiyo akainua mkono, akafumba jicho moja la manjano, akabonyeza. Tak. Kunguru hata hakugeuza shingo.

"Umekosa, Kwaro," Atieno akasema.

"Sijakosa. Huyo ni mmoja." Hakuishusha bunduki. Alikuwa anatafuta angani, polepole, kutoka paa hadi paa. "Niliomba wawili."